Je, Shakespeare Ndiye Aliyeandika Tamthilia Zake?

Mhariri wa jarida letu ameniomba niandike makala ya historia itakayowafaa wazee tuliokwisha kumaliza shule zamani pamoja na vijana walio madarasani leo. Nimechagua jambo ambalo wengi wetu tumelisikia likibishaniwa, hata na watu wenye elimu kubwa. Yasemwa kwamba William Shakespeare, yule Mwingereza ambaye tamthilia zake zimesomwa katika shule zetu tangu enzi ya ukoloni, hakuziandika yeye, na kwamba jina lake lilitumiwa tu kumficha mtu mwingine mwenye cheo na elimu zaidi. Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Lakini mwanahistoria hawezi kuridhika na methali hiyo. Hana budi kuuliza: linasemwa na nani, lilianza kusemwa lini, na ushahidi wake ni upi?

Msomaji asidhani kwamba haya ni ya Waingereza peke yao. Tamthilia hizi tunazo kwa lugha yetu wenyewe. Mwalimu Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar mwaka 1963, akaisahihisha na kuitoa tena mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo wa 1969 alitoa Mabepari wa Venisi. Naye S. S. Mushi alitafsiri Makbeth (1968) na Tufani (1969). Kwa hiyo mtungaji wa tamthilia hizi ni mtu wa nyumbani kwetu pia, na tuna haki ya kuuliza alikuwa nani.

Tuanze na mtu mwenyewe. Shakespeare alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564 katika mji mdogo wa Stratford-upon-Avon, na akafa katika mji huo huo tarehe 23 Aprili 1616. Baba yake, John, alikuwa fundi wa kutengeneza glavu za ngozi. Mzee huyo alipanda hadi kuwa mkuu wa mji mwaka 1568, kisha mambo yake ya fedha yakaharibika. William alioa akiwa na miaka 18, akapata watoto watatu. Mwaka 1592 tunamkuta London, mwigizaji na mtunzi wa michezo, akishambuliwa katika kijitabu kilichotolewa kwa jina la Robert Greene. Greene alikuwa msomi wa chuo kikuu, na kilichomkera ni kuona mwigizaji mtupu, asiye na shahada, akijiona anaweza kutunga mashairi kama wasomi. Wanafunzi na waliangalie vizuri jambo hili. Dharau kwa mtoto wa fundi ilianza akiwa angali hai. Lakini hata adui yake hakusema kwamba kijana huyu haandiki. Alilalamika kwa sababu anaandika.

Shakespeare alipokufa, na kwa zaidi ya miaka 200 baada ya kufa kwake, hatuoni mjadala wowote wa hadharani kuhusu jambo hili. Shaka ilizuka katikati ya karne ya 19, na yafaa tujue kwa nini. Kufika wakati huo, Waingereza walikuwa wamemfanya Shakespeare karibu kuwa nabii. Mwaka 1769 mwigizaji mashuhuri David Garrick alifanya sherehe kubwa huko Stratford kwa heshima yake, na tangu hapo sifa zikazidi mwaka hata mwaka. Ikasemwa kwamba alijua sheria, utabibu, ubaharia, siri za ikulu na nchi ya Italia kuliko mtu yeyote. Wakati huo huo watafiti wakawa wanafukua hati za zamani ili wapate habari zake. Walichokuta ni karatasi za mtu wa kawaida: mwaka 1598 alikuwa na akiba ya kimea nyumbani, na mwaka 1604 alimshtaki jirani yake kwa deni la kimea. Watu walitazamia kuona nuru ya peponi, wakaonyeshwa hesabu za madeni. Nabii waliyemjenga kwa mikono yao hakuweza kuingia katika nguo za mfanyabiashara wa Stratford. Basi badala ya kupunguza ukubwa wa nabii, wengine wakaamua kumtafuta mtu mwingine.

Aliyepaza sauti kuliko wote mwanzoni alikuwa mwalimu wa Kimarekani, Delia Bacon, aliyetoa kitabu chake mwaka 1857. Yeye alishikilia kwamba tamthilia hizo ziliandikwa na kundi la wakubwa wenye falsafa ya siri, akiwemo Francis Bacon, mwanasheria na mwanafalsafa, ambaye hakuwa na udugu naye. Aliwahi kukaa usiku mzima kanisani Stratford karibu na kaburi la Shakespeare akitaka kulifungua, lakini hakulifungua. Mama huyu alipatwa na ugonjwa wa akili, akafariki mwaka 1859. Ugonjwa wake si hoja dhidi yake. Hoja ni kwamba hakuleta hati hata moja.

Waliomfuata walitafuta maandishi ya siri ndani ya tamthilia. Mmarekani Ignatius Donnelly alitoa kitabu kikubwa mwaka 1888 akidai kwamba ukihesabu maneno kwa namna fulani utamwona Bacon akijitaja. Jambo hili lilichunguzwa na mabingwa wa kweli, William Friedman na mkewe Elizebeth, waliokuwa miongoni mwa wafumbuzi mashuhuri wa maandishi ya siri nchini Marekani. Kazi yao ya ufumbuzi ilianzia katika kituo kimoja karibu na Chicago ambako walisaidia kutafuta siri za Bacon. Mwaka 1957 walitoa kitabu chao na kueleza kwamba hakuna hata moja ya njia hizo iliyo halali, kwa kuwa kwa njia hizo mtu anaweza kutoa ujumbe wowote autakao kutoka katika kitabu chochote kile.

Mwaka 1920 mwalimu wa shule Mwingereza, J. Thomas Looney, alileta jina jingine: Edward de Vere, lodi wa 17 wa Oxford. Looney aliandika kwanza orodha ya sifa ambazo mtunzi lazima awe nazo, kama vile ukoo bora, kupenda Italia na kupenda michezo ya mabwana, kisha akamtafuta mtu anayelingana na orodha. Mwingine, Calvin Hoffman wa Marekani, alisema mwaka 1955 kwamba mwandishi alikuwa Christopher Marlowe, ambaye hati zinaonyesha aliuawa tarehe 30 Mei 1593. Hoffman alidai kwamba kifo hicho kilikuwa cha uongo. Mwaka 1956 aliruhusiwa kufungua kaburi la tajiri mmoja aliyekuwa mfadhili wa Marlowe, akitumaini kukuta miswada. Alikuta mchanga.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Hoja kubwa ya wenye shaka ni kwamba mtoto wa fundi wa glavu hawezi kuandika maneno ya wafalme. Lakini Marlowe alikuwa mtoto wa fundi viatu wa Canterbury! Tofauti ni kwamba yeye alipata msaada wa kusomea Cambridge. Naye Ben Jonson, mwandishi msomi kuliko karibu wote wa wakati ule, alilelewa na baba wa kambo aliyekuwa mwashi wa matofali, wala hakusoma chuo kikuu. Hakuna anayewanyang'anya Marlowe na Jonson tamthilia zao.

Hata hivyo haifai kuwadharau wenye shaka. Miongoni mwao walikuwamo Mark Twain, aliyeandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1909, na Sigmund Freud, aliyeshawishika na hoja za Looney. Mwaka 2007 waigizaji wakubwa wa Uingereza, Derek Jacobi na Mark Rylance, walitangaza tamko la kutaka shaka hii ikubaliwe kuwa ya haki. Kwa hiyo tuzisikilize hoja zao kama inavyostahili.

Wanasema kwanza kwamba hakuna mswada hata mmoja wa tamthilia zilizochapwa kwa jina lake ulio katika mkono wake, wala barua aliyoiandika. Tulichonacho ni saini sita tu, na jina halikuandikwa kwa tahajia moja. Hayo ni kweli. Lakini miswada ya tamthilia za siku hizo imepotea karibu yote, ya kila mtunzi. Tamthilia ilikuwa mali ya kampuni ya waigizaji. Ilipokwisha chapwa, karatasi zilizochakaa hazikuwa na thamani. Kuhusu tahajia, Kiingereza cha wakati huo hakikuwa na tahajia moja ya majina.

Wanasema pili kwamba hakuna sajili inayoonyesha kwamba alisoma shule. Hili nalo ni kweli, lakini sajili za shule ya Stratford za miaka hiyo zimepotea kwa wanafunzi wote, si kwake peke yake. Tunachojua ni kwamba shule ilikuwapo, kwamba mwalimu wake alilipwa pauni 20 kwa mwaka, mshahara mzuri kwa siku zile, na kwamba walimu walikuwa watu wa Oxford. Mtoto katika shule za namna hiyo alisomeshwa Kilatini kuanzia asubuhi mpaka jioni.

Wanasema tatu kwamba wasia wake hautaji kitabu hata kimoja. Kweli tena. Lakini vyombo vya nyumbani viliorodheshwa katika hati nyingine iliyoambatana na wasia, na hati hiyo haipo leo. Katika mambo yote matatu tunaona kosa lile lile: kupotea kwa karatasi kunafanywa kuwa ushahidi. Mwanahistoria akikosa hati hubaki bila jibu. Hapati ruhusa ya kuweka jibu lake mwenyewe.

Sasa tutazame hati zilizopo. Mwaka 1598 mwandishi Francis Meres alitaja kwa majina tamthilia 12 za Shakespeare, na mojawapo ni hii tuijuayo kwa jina la Mabepari wa Venisi. Tarehe 21 Septemba 1599 mgeni kutoka Uswisi, Thomas Platter, alitazama London mchezo wa kifo cha Kaizari. Mwanzoni mwa mwaka 1605 mchezo wa Venisi ulionyeshwa mara mbili mbele ya Mfalme James, na karani wa ikulu akaandika jina la mtunzi, ingawa aliliandika vibaya: Shaxberd. Karani huyo hakuwa na sababu ya kudanganya. Alikuwa anaweka hesabu.

Tamthilia zenyewe nazo zinatoa ushahidi. Katika chapa za zamani za Romeo and Juliet na Much Ado About Nothing, mahali penye jina la mhusika pamechapwa kwa bahati mbaya jina la Kemp. Huyo alikuwa mchekeshaji wa kampuni ile ile ya Shakespeare. Maana yake ni kwamba mtunzi alipokuwa akiandika, tayari alikuwa anamwona mwenzake atakayesema maneno hayo jukwaani. Mtu aliyejificha katika jumba la kifahari asingeandika hivyo. Na habari za Rumi alizitoa wapi? Kwa sehemu kubwa katika kitabu cha Plutarch kilichotafsiriwa kwa Kiingereza na Thomas North mwaka 1579. Kitabu hicho kilichapwa katika karakana ya Thomas Vautrollier huko London, na mmoja wa vijana waliojifunza kazi humo alikuwa Richard Field, mtoto wa mtengenezaji wa ngozi kutoka Stratford. Field ndiye aliyechapa shairi la kwanza la Shakespeare mwaka 1593. Kwa hiyo si lazima tutafute lodi aliyezunguka Italia. Kulikuwa na kijana wa nyumbani mwenye kiwanda cha vitabu.

Lakini hati ninayoiona kuwa na nguvu kuliko zote ni ule ule wasia wa mwaka 1616. Ndani yake mtu wa Stratford anawaachia waigizaji watatu wa London, Heminges, Burbage na Condell, shilingi 26 na peni 8 kila mmoja wanunue pete za kumkumbukia. Burbage alikufa mwaka 1619. Wale wawili waliobaki, John Heminges na Henry Condell, ndio waliokusanya tamthilia 36 za rafiki yao na kuzitoa mwaka 1623 katika kitabu kinachojulikana kama Folio ya Kwanza. Nusu yake, tamthilia 18, zilikuwa hazijapata kuchapwa. Juliasi Kaizari, Makbeth na Tufani ni miongoni mwa hizo 18. Lau si wale wawili, yamkini zingalipotea. Katika kitabu hicho hicho Ben Jonson anamtaja mtunzi kwa mto Avon upitao Stratford, na mshairi mwingine anataja sanamu yake ya ukumbusho mjini humo. Basi mnyororo umekamilika: wasia unamfunga mtu wa Stratford na waigizaji, na waigizaji wanamfunga na tamthilia.

Dhidi ya mnyororo huo wenye shaka waliwahi kuwa na hati moja iliyoonekana nzito. Mwaka 1932 ilitangazwa kwamba imepatikana hotuba ya mwaka 1805, ikieleza kwamba padri mmoja, James Wilmot, alikuwa ameanza kumtilia shaka Shakespeare tangu karne ya 18. Kwa miaka mingi hata wataalamu waliomtetea Shakespeare waliikubali. Kisha mwaka 2010 Profesa James Shapiro akaonyesha katika kitabu chake kwamba hati hiyo ni ya kughushi. Aliyeiandika alitaja habari za Shakespeare ambazo watafiti hawakuzijua mpaka miaka mingi baada ya 1805. Njia ya mwongo ni fupi, ingawa mara hii ilichukua karibu miaka 80 kufika mwisho.

Naomba sasa tukipime kipimo cha wenye shaka kwetu wenyewe. Tuseme kwamba miaka 400 ijayo sajili za shule ya Mwisenge, za Tabora na za Makerere zimeliwa na mchwa. Atatokea mtu aseme: huyu Nyerere alikuwa mtoto wa Butiama, aliingia shule akiwa amekwisha kuwa mkubwa, na mwaka 1963 alikuwa Rais wa nchi changa yenye kazi chungu nzima. Alipata saa ngapi za kukaa na kutafsiri tamthilia nzima? Hapana shaka ni kazi ya profesa fulani wa Kiingereza aliyeficha jina lake. Hoja hiyo ingependeza masikioni, na ingekuwa uongo mtupu. Wengi wetu tumeishi wakati wa Mwalimu na tunajua alivyokuwa. Lakini hoja zile zile tukizisikia juu ya mtu wa mbali tunatikisa kichwa na kusema, huenda.

Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili kwa watu wa shule kama yetu. Humu walipita watoto wa wakulima, wa wavuvi, wa mafundi na wa makarani. Ikiwa ni kweli kwamba maneno makubwa hutoka tu kwa mwenye ukoo mkubwa, basi madawati yote yale yalikuwa kazi bure. Historia ya Shakespeare inatuambia vingine: shule nzuri ya mji mdogo, vitabu vichache vilivyosomwa kweli, na miaka mingi ya kazi pamoja na wenzake.

Maneno haya ya mwisho, pamoja na wenzake, yanatuleta kwenye mjadala wa kweli ambao wataalamu wanao mpaka leo. Shakespeare hakuandika kila mstari peke yake. The Two Noble Kinsmen ilichapwa mwaka 1634 ikiwa na majina mawili, lake na la John Fletcher. Katika Timon of Athens wataalamu wengi wanauona mkono wa Thomas Middleton, na katika Titus Andronicus mkono wa George Peele. Mwaka 2016 wahariri wa chapa mpya ya Oxford walimwandika Marlowe kuwa mshiriki katika sehemu zote tatu za Henry VI, na wapo wataalamu wasiokubaliana nao. Na katika maktaba ya taifa ya Uingereza kuna mswada wa tamthilia iitwayo Sir Thomas More, ulioandikwa na mikono kadhaa. Kurasa tatu hivi za humo wengi wanaamini ni za mkono wa Shakespeare mwenyewe. Huu ndio utiaji shaka wenye faida, kwa maana unapima tahajia, msamiati, vina na karatasi, tena uko tayari kushindwa. Pia unamwondoa lodi wa Oxford kwa upole: yeye alikufa mwaka 1604, na Fletcher alianza kutunga tamthilia baada ya hapo. Maiti haishirikiani na mtu kutunga. Tufani nayo ilionyeshwa ikulu mwaka 1611, na wataalamu wengi wanaona kwamba imetumia habari za meli iliyovunjika Bermuda mwaka 1609.

Namalizia na ombi kwa wenzangu. Michezo mingi iliyochezwa katika ukumbi wa shule yetu ilitungwa na wanafunzi na walimu, ikapigwa chapa kwa mashine ya stensili, ikagawanywa bila jina wala tarehe. Mwenye nakala ya mchezo wa namna hiyo asiutupe. Aandike juu yake kwa kalamu: nani alitunga, nani aliongeza maneno, nani alicheza, na mwaka gani, kisha nakala hiyo aipeleke maktaba ya shule. Heminges na Condell hawakufanya zaidi ya hayo kwa rafiki yao, na walifanya wakati wangali wanakumbuka.